Sumu ya Muhogo na Karatasi ya Njano

Msikilizaji, muhogo mchungu una linamarini. Ukitwangwa ungali mbichi, seli hupasuka, kimeng'enya cha linamarasi huivunja kemikali hiyo, na sumu ya sianidi hutoka ikapeperuka. Sumu hiyo ikibaki kwenye unga wa muhogo, mlaji asiyepata protini ya kutosha huweza kuugua konzo: miguu hupooza, wala haiponi.

Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni kipimo chepesi: karatasi ya njano yenye pikrati hugeuka kahawia ikikutana na sianidi. Kikomo cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga.

Kinga nayo haidai mtambo. Lowanisha unga, utandaze mwembamba juani kwa saa 2, kimeng'enya kimalize kazi, ndipo usonge ugali. Elimu hiyo ifike vijijini kabla ya ukame, sumu ya muhogo inapozidi, si baada ya watu kulemaa.