Gredi ya Shule Huanzia Langoni

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walimu katika kikao cha elimu cha wadi



Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kupasha habari za kaunti. Lakini kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, swali ni lile lile: "Kwa nini shule zetu hazipati gredi kama zile kubwa?" Wengine huongeza: "Basi basari wapewe walioitwa shule za kitaifa. Hawa wa kutwa wanapoteza wakati tu." Leo naomba tulijibu swali hilo pamoja, kwa sababu linagusa pesa zenu na linagusa watoto wenu.

Tuanze na shule za kitaifa zenyewe. Ni shule za umma. Kwa miaka mingi zilikuwa 18 tu katika Kenya nzima. Baada ya 2010, shule nyingi za mkoa zilipandishwa hadhi hadi idadi ikapita 100. Wakati wa KCPE, zilichukua watoto waliopata alama za juu kabisa kati ya 500, huku nafasi zikigawanywa ili kila sehemu ya nchi ipate wawakilishi.

Sasa fikirieni shule mbili. Huu ni mfano tu. Ya kwanza imepokea watoto wenye alama zaidi ya 400. Baada ya miaka minne, wastani wake ni pointi 10, yaani B+. Ya pili ni ya kutwa, hapa hapa wadini. Imepokea watoto wenye alama 220, na wastani wake ni pointi 5, yaani C-. Gazeti litaisifu ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Lakini ni ipi iliyofundisha zaidi? Kwa kutazama gredi ya mwisho peke yake, hatuwezi kujua. Ni sawa na kumsifu anayefika kileleni kwanza bila kuuliza alianzia wapi: bondeni, au katikati ya mlima?

Wataalamu wawili wa uchumi, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walilichunguza jambo hili hapa Kenya, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2014. Waliwatazama watoto waliopata alama zilizotosha kwa shida kuingia shule ya kitaifa, wakawalinganisha na wale waliokosa nafasi kwa alama chache tu. Watoto hawa uwezo wao ulikaribiana sana. Kundi moja liliingia shule yenye vifaa bora na wenzao wenye alama za juu zaidi. Kundi la pili likaenda kwingine. Matokeo yao ya KCSE yalipotoka, tofauti iliyoletwa na jina la shule ilikuwa ndogo mno kuonekana wazi.

Naomba msinielewe vibaya. Wengi wa wale waliokosa walikwenda shule nzuri za mkoa, hawakuachwa bila walimu. Utafiti huo hausemi kwamba maabara, vitabu na walimu havina maana. Wala hausemi mtoto akiitwa shule ya kitaifa akatae. Unachosema ni kwamba sehemu kubwa ya gredi tunayoistaajabia iliingia langoni pamoja na mtoto siku ya kwanza, ndani ya sanduku lake.

Ndiyo maana swali la nani anaingia huwa na mvutano mkali. Mwaka 2011, Wizara ya Elimu iligawa nafasi za shule za kitaifa kwa kuzingatia idadi ya watahiniwa wa shule za msingi za umma na za kibinafsi, kwa sababu watoto wa shule za kibinafsi walikuwa wakichukua nafasi nyingi kuliko idadi yao. Suala hilo lilifikishwa Mahakama Kuu, nayo ikakataa kuufuta mpango huo.

Hata ng'ambo mambo ni hayo hayo. Huko Marekani, katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, kuna shule ya umma ya sayansi inayoitwa Thomas Jefferson, ambayo imekuwa ikitajwa miongoni mwa bora nchini humo. Mwishoni mwa 2020, bodi ya elimu iliondoa mtihani wa kuingilia na kuhakikisha kwamba kila shule ya ngazi ya chini katika kaunti hiyo inapata nafasi kwa asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa Gredi ya 8. Katika kundi la 550 lililoitwa mwaka 2021, watoto wa familia zenye kipato cha chini walifika asilimia 25. Kabla ya hapo hawakufika hata asilimia 2. Baadhi ya wazazi walikwenda mahakamani wakidai kwamba watoto wenye asili ya Asia wamebaguliwa. Mahakama ya rufaa iliiunga mkono bodi mwaka 2023, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Jengo na jina havikubadilika. Kilichobadilika ni kanuni ya langoni, na sura za waliomo darasani zikabadilika.

Sasa turudi nyumbani. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Watoto wetu sasa hufanya KJSEA na kuingia sekondari pevu, na shule zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4. Zile za kitaifa ndizo C1. Majina yamebadilika, lakini kishawishi cha kuziheshimu za juu na kuzidharau za chini bado kipo.

Kwa hivyo, nawaombeni mambo matatu.

La kwanza, mkikaa na mwalimu mkuu, msiulize wastani peke yake. Ulizeni: watoto hawa waliingia na alama gani? Wamepanda au wameshuka? Na waliojiunga walikuwa wangapi, waliofika mtihanini wangapi? Shule inayowapoteza wanyonge njiani inaweza kuonyesha wastani mzuri. Tusiipigie makofi kabla ya kuuliza waliko wengine.

La pili, tusiuze shamba kwa ajili ya jina. Ada iliyoidhinishwa na serikali kwa shule za kitaifa za bweni imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro na nauli. Mtoto akiitwa na uwezo upo, aende kwa baraka zetu. Uwezo usipokuwepo, asiambiwe maisha yake yameisha. Na wale wanaotembea kwenda shule ya kutwa kila asubuhi wanastahili fomu ya basari sawa na wenzao, na wanastahili kusikia wazazi wao wakiitaja shule yao bila aibu.

La tatu, tuangalie mwanzo. Katiba imezipa kaunti jukumu la chekechea. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kama gredi huanzia langoni, basi njia ya kufika kwenye lango hilo huanzia kwenye darasa la mtoto wa miaka minne, katika kijiji chenu. Siku ya kikao cha bajeti, njooni muulize: mwalimu yupo? Madarasa yanatosha? Watoto wanakunywa uji? Maswali hayo hayapigiwi vigelegele kama orodha ya shule bora, lakini ndiyo yanayoamua watoto wa wadi hii watasimama wapi miaka kumi ijayo.

Ukitaka kujua kazi ya mkulima, tazama mavuno yake, lakini uliza pia alipewa shamba la aina gani. Tuwatendee walimu wetu haki hiyo, na watoto wetu vilevile.