Alama Mbili

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 27, mstari wa 1 hadi wa 7.

Jioni moja alikuja nyumbani kwangu msichana wa kanisa letu, mwanafunzi wa uuguzi, pamoja na baba yake. Katika chuo chake alama ya kupita ilikuwa 50, naye alikuwa amepata 48. Baba akasema, "Mchungaji, wewe wafahamiana na mkuu wa chuo. Mwambie neno moja tu. Alama mbili ni kitu gani?"

Nakiri kwamba nilivutwa. Mzee huyo ni mshiriki mwaminifu, na alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya karo. Simu ilikuwa karibu na mkono wangu.

Nikamwuliza binti, "Je, karatasi yako umeiona?" Akajibu kwamba mwalimu alimwonyesha, naye alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, ukurasa wake wa mwisho haukuwa umesahihishwa kabisa. La pili lilikuwa juu ya swali la dripu. Mgonjwa apewe lita moja ya maji kwa muda wa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita. Je, ni matone mangapi kwa dakika? Yeye aliandika 125, akakoseshwa. Lakini kugawanya 1000 kwa 8 alikuwa amegawanya sawasawa, kwa hiyo alitaka apewe walau alama kidogo.

Tukachukua kalamu, tukahesabu pamoja. Ile 125 ni mililita kwa saa, si matone kwa dakika. Jibu ni matone 42 hivi. Kwa matone 125, lita ile ingekwisha kwa saa 2 na dakika 40. Nikamwambia, "Binti yangu, na kama aliyelala kitandani ni nyanya yako mwenye moyo dhaifu?" Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Maji yangemwingia mapafuni."

Ndugu zangu, hapo tulifungua somo letu. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, wakaomba urithi wa baba yao. Hawakwenda usiku kwa mlango wa nyuma, wala hawakumtafuta mtu wa kuwasemea. Tena angalieni jambo hili: walikiri wazi kwamba baba yao alikufa kwa dhambi yake mwenyewe. Hawakuficha kosa ili wapate haki. Musa naye hakuona aibu kuulizwa. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena vema.

Basi kukata rufaa si dhambi, wala si kukosa unyenyekevu. Mwalimu ni mwanadamu, aweza kuruka ukurasa. Bali yako maombi mawili yanayofanana kwa nje. Moja husema, "Nipimeni kwa kipimo cha kweli." La pili husema, "Kilegezeni kipimo kwa ajili yangu." La kwanza ni haki yako. La pili atalilipa mgonjwa usiyemjua.

Yule binti aliandika barua yake mwenyewe. Aliomba ukurasa ule usahihishwe, na habari za dripu hakuzitaja. Mimi sikupiga simu. Ukurasa ukasahihishwa, akaongezewa alama moja, akawa na 49. Ilimbidi kurudia mtihani, na baba akatafuta karo nyingine. Kwa Jumapili nyingi mzee yule alipita mlangoni pa kanisa bila kunipa mkono, nami sikumlaumu.

Binti alipita katika mtihani wa pili. Sasa ni muuguzi, naye ameniambia kwamba kila atundikapo dripu huhesabu mara mbili kabla ya kuondoka kitandani.

Wewe uliyeshika matokeo yako leo, usiandike barua kwa hasira, wala usiinyamazie haki yako kwa hofu. Omba kuiona karatasi, usome kila jibu kana kwamba mama yako ndiye mgonjwa. Panapo kosa la msahihishaji, liseme kwa heshima na kwa wakati uliowekwa na chuo. Panapo kosa lako, likubali, ukajifunze tena. Nanyi wazazi, msitutume sisi wachungaji kwenda kuomba alama. Tutumeni tuwaombee watoto wenu.

Tuombe. Ee Bwana, wewe upendaye mizani ya haki, wape watoto wetu ujasiri wa kudai kilicho chao, na moyo wa kuacha kisicho chao. Uwalinde wagonjwa watakaowekwa mikononi mwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.