Moteri nayo inapumua

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanamemba wa Masisi na Walikale pamoja na wafadhili)



Komite iliniomba niseme juu ya gari. Najua kuna mwenye kujiuliza: tuko na mambo ya mashamba, ya mbegu, ya nyumba zilizobomolewa wakati tulikuwa kambini, sasa tunapoteza saa kwa mafuta ya moteri? Lakini gari hii ndiyo inapandisha mbegu kutoka Sake mpaka Mushaki na kuendelea. Gari hii ndiyo inabeba mama mwenye uchungu usiku mpaka hospitali ya Masisi. Na mwaka huu tulikuwa karibu kumaliza franga za sanduku kwa ugonjwa ambao gari haikuwa nao.

Munaijua: Land Cruiser 80 ya zamani. Moteri yake ni 1HD-T, silinda 6, litre 4.2, inakunywa mazutu, na iko na turbo. Toyota ilianza kutoa moteri hiyo mwaka 1990. Si sawa na zile Land Cruiser nyingi za mashirika zenye moteri 1HZ, ambayo haina turbo. Turbo inasaidia sana kupanda milima yetu, lakini inataka uangalizi zaidi.

Ilianza kumwaga mafuta nyuma ya moteri. Kila penye ililala, asubuhi tunakuta doa jeusi chini. Garaji ya kwanza ikabadilisha mpira wa nyuma unaozuia mafuta. Kisha wiki tatu, doa likarudi. Tukabadilisha tena, tukalipa tena. Halafu moshi wa buluu ukaanza kwenye mupando, na ndani ya tiyo ya turbo tukakuta mafuta. Tukaambiwa: turbo imekufa. Faktire ilikuwa ya dola 900. Mimi mwenyewe nilianza kuandika barua kwa wafadhili. Nilikuwa nimefika katikati.

Tulipopita Sake, mzee mmoja fundi aliangalia, akauliza neno moja tu: "Hii moteri inapumulia wapi?" Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Akafungua tiyo moja ya mpira inayotoka juu, kwenye kifuniko cha moteri, akapuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Ndani mulikuwa uchafu mweusi, na juu yake kitu cheupe-manjano kizito kama mashanza.

Niwaeleze vile alinieleza. Mazutu ikiwaka ndani ya silinda, moshi mwingi unatoka kwa eshapma. Lakini kidogo kinapenya pembeni ya pistoni, kwenye zile duara za chuma zinaitwa segimenti, kinashuka mpaka tumboni mwa moteri penye mafuta yanakaa. Kila moteri iko vile, hata mupya. Moteri ya turbo inapata zaidi, kwa sababu hewa inasukumwa ndani kwa nguvu. Hiyo pumzi ya tumboni lazima itoke, na ile tiyo ndiyo pua yake: inaipeleka kwenye njia ya hewa, kati ya filtri na turbo, irudi kuwaka.

Sasa ukiziba pua, pumzi haiishi. Inatafuta penye pako teketeke. Inasukuma mafuta kwenye mpira wa nyuma, kwenye kifuniko cha juu, hata kwenye kile chuma cha kupimia mafuta. Unaweka mpira mupya, nao unasukumwa vilevile. Tulikuwa tunafunga jeraha, na ugonjwa uko ndani.

Na turbo? Mafuta yanayolainisha turbo hayana pampu ya kuyarudisha. Yanashuka yenyewe kwa tiyo mpaka tumboni. Tumbo likijaa pumzi, yanakataa kushuka, yanabaki kwenye turbo, kisha yanapenya upande wa hewa au upande wa eshapma. Hapo ndipo moshi wa buluu unatoka. Turbo yetu ilikuwa nzima.

Kwa nini sisi zaidi? Kule juu Masisi asubuhi ni baridi, na safari nyingi ni fupi. Maji ya mvuke yanachanganyika na mafuta, yanazaa lile mashanza. Kwa ndugu zetu wa Walikale, gari inaweza kukokota matope saa nyingi kwa vitesi ya kwanza, moteri inachemka. Na wakati wa vumbi filtri ya hewa inaziba. Filtri ikiziba, turbo inanyonya kwa nguvu kwenye ile tiyo ya pumzi, inavuta na mafuta. Tena kuna kosa letu sisi wenyewe: kuongeza mafuta kupita alama ya juu, eti kwa usalama. Mafuta yakizidi, yanapigwapigwa ndani, yanatoka na pumzi. Kwenye moteri ya mazutu hiyo ni hatari: mafuta mengi yakiingia kwa njia ya hewa, moteri inaweza kukimbia yenyewe hata ukizima ufunguo.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa mpira au turbo, shofere afuate mambo haya:

Moja. Pima mafuta, gari ikisimama penye pamenyooka. Yasipite alama ya juu.

Mbili. Angalia filtri ya hewa.

Tatu. Toa tiyo ya pumzi, safisha kwa mazutu, kausha, puliza. Kama imelainika au imejikunja, badilisha.

Ine. Moteri ikiwa ya moto na inazunguka polepole, fungua kifuniko cha kuwekea mafuta. Pumzi ndogo si neno. Ikipuliza kwa nguvu na moshi mwingi, hapo segimenti zimechoka, na tiyo peke yake haitaponya.

Tano. Osha moteri, tembea kidogo, kisha tafuta penye pamelowa juu kabisa. Mafuta yanashuka na upepo unayarudisha nyuma, ndiyo maana nyuma inaonewa bure.

Sita. Ukimaliza mupando, usizime palepale. Acha moteri izunguke dakika moja ao mbili, turbo ipoe.

Sisi tulifanya nini? Tiyo mupya na filtri mupya, mafuta kwenye alama, na mpira wa nyuma mara ya tatu, kwa sababu ule wa pili ulikuwa umeharibika. Yote haikufika dola 70. Leo ni mwezi wa tatu. Siwezi kusema gari ni kavu kabisa: kifuniko cha juu bado kinatoa jasho kidogo. Lakini doa la chini limeisha, na moshi wa buluu umeisha.

Ndugu wafadhili, ile barua niliipasua. Badala ya turbo, tunaomba kitu kidogo kinachorudi kila mara: filtri, mafuta na tiyo za akiba, pamoja na daftari ambamo kila litre inayoongezwa inaandikwa na shofere anatia sahihi. Daftari ndilo litatuonyesha ugonjwa mapema. Ninyi ndugu wa Walikale, kama Fuso munayokodi iko na turbo, hesabu ni ileile.

Na komite, neno langu la mwisho: faktire kubwa ikikuja mezani, tusitie sahihi mbele hatujauliza swali la yule mzee.