Kipepeo wa Mgunga



Leo nawaalika mtazame kiumbe mdogo sana. Inapochanua migunga, ile Waturkana waiitayo ewoi, kando ya mto Turkwel pale Lodwar au mto Tarach kule Kakuma, yuko kipepeo azungukaye maua yake. Akikunjua mabawa, upana wake ni kama sentimeta 2 hivi. Dume ni samawati yenye kuelekea zambarau. Jike ni wa hudhurungi. Akiyafunga, utaona upande wa chini rangi ya kijivu yenye vidoadoa vyeusi, na bawa la nyuma halina mkia. Wataalamu humwita Azanus.

Jike hutaga kwenye vitumba vya maua. Kiwavi hula maua na majani machanga, naye hutoa maji matamu wayapendayo sisimizi. Kwa hiyo sisimizi humlinda. Hata mdogo huyu amepewa mlinzi. Lakini sisimizi hawezi kuzuia shoka.

Tangu kambi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992, kuni na makaa vimekuwa riziki ya wengi. Mama auzaye makaa ana watoto wa kulisha, na mkimbizi ayanunuaye ana sufuria ya kuinjika. Simhukumu yeyote. Hata hivyo, mgunga ukianguka, kipepeo hapotei peke yake. Maua ndiyo yazaayo maganda, na maganda ndiyo yalishayo mbuzi wakati wa kiangazi.

Wazee wa Kiturkana walilijua jambo hili. Kwa desturi yao ya ekwar, kila jamaa ilikuwa na sehemu yake ya miti kando ya mto, na mgeni hakuigusa bila ruhusa. Nayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inakataza kukata miti ya matunda hata mji unapozingirwa vitani. Je, sisi tulio nyumbani kwetu?

Basi ndugu zangu, tuokote matawi makavu, tuyaache yenye maua. Makaa tuyatafute kwenye mathenge, mti wa kigeni unaoisonga migunga mitoni. Na mwenye ekwar aheshimiwe.

Ukimwachia kipepeo mti wake, umemwachia mbuzi chakula na mtoto wako maziwa. Bwana atupe macho ya kuwaona wadogo. Amina.