Nani Atawatunza Wachoraji Wetu?

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kirumba, Mwanza)



Iko kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi: kuwatafuta wasanii walio hai, kuonyesha kazi zao na kuzitetea. Aliyeifanya kazi hiyo ni Ndugu Elimo Njau.

Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea uchoraji Makerere. Katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu, kwa sura na mandhari ya Kiafrika, katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya. Sifa hiyo ingemtosha. Lakini aliona kuwa mchoraji mmoja hawezi kujenga sanaa ya taifa peke yake. Kwao Marangu alifungua nyumba ya maonyesho iliyoitwa Kibo. Mwaka 1965, pamoja na wenzake, akaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Jina lenyewe ni fumbo: paa, mnyama wa porini, naye anapaa.

Palipokuwa na soko la vinyago vya watalii, kimoja kikinakiliwa mara nyingi, Njau alishikilia kwamba anayenakili hajaumba kitu. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya Paa ya Paa. Yeye na mkewe, Phillda, hawakukata tamaa, waliendelea.

Ndugu zangu, sisi wa Mwanza tunajivunia Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yanayotunza ngoma na zana za Wasukuma. Hayo yanatueleza babu zetu walikuwa nani. Je, wajukuu wetu wataelezwa na nani kwamba sisi tulikuwa nani? Mtoto anayechora mitumbwi ya Mwaloni, kazi yake huishia wapi? Mara nyingi huishia katika karatasi ya kufungia karanga.

Hatuna haja ya kungoja jumba kubwa. Mwalimu anao ukuta wa darasa. Ofisi inacho chumba wanachosubiri wananchi. Kazi zitundikwe humo, na jina la mchoraji na mwaka viandikwe. Kwa kuwa moto hauchagui, orodha na picha za kazi hizo zihifadhiwe mahali pengine. Na msanii alipwe bei ya haki, kwani shukrani hainunui rangi.

Njau hakuanza kwa kungoja agizo. Nasi tusingoje.