Pantoni ya Lavik

(Maneno yaliyosemwa na mama mmoja aliyewahi kuwa mkazi wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimeombwa nieleze ninakoishi. Sikupelekwa mjini. Niko upande wa Oppedal, magharibi mwa Norwei, nikitazamana na kijiji kidogo cha Lavik. Katikati yetu ni Sognefjord, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima kilomita 205, na kina chake kinafika mita 1,303. Sisi wa Baraka na Fizi hatuwezi kushangaa, kwani Tanganyika yetu ina mita 1,470. Lakini nilipoyaona yale maji meusi nilirudi nyumbani.

Pale barabara kuu inaishia majini, na pantoni ndiyo inayoiendeleza. Ni dakika 20 tu. Mwaka 2015 ililetwa pantoni iitwayo Ampere, ya kwanza duniani kubeba magari kwa nguvu ya betri peke yake: magari 120, abiria 360. Umeme wa vijiji vile ni mdogo, usingetosha kuichaji kwa dakika chache inapotia nanga. Basi waliweka betri kubwa nchi kavu, kila upande, zijae polepole pantoni ikiwa safarini. Ni kama tangi letu la maji: pampu ndogo inajaza usiku kucha, asubuhi foleni ya ndoo inapata.

Hata hivyo miaka miwili sikuvuka. Mnajua boti zile za 1996, tulivyochota maji kwa sufuria mpaka Kigoma. Kaka yangu hakufika.

Kisha binti yangu, yule niliyemvusha mgongoni, akajifungua Førde, na njia ya Førde ni lazima uvuke. Nikapanda. Baharia mmoja aliniona nimeng'ang'ania chuma. Hakuuliza kitu. Alinipeleka akafungua sanduku la majaketi ya kuokolea, akanionyesha moja moja. Nilihesabu mpaka tukafika Lavik.

Mtoto amepewa jina la kaka yangu. Sasa navuka kila mwezi.

Wale mnaosubiri usaili na mnataka kuniuliza habari za baridi na lugha, tukutane nyuma ya shule baada ya ngoma.