Taa za LED katika Dashibodi ya Pikipiki

Katika nchi yetu hii ya kusini mwa Maniema, ambako pikipiki ndiyo ichukuayo abiria, mchele, na hata mgonjwa apelekwaye hospitali, balbu ndogo za dashibodi hufa upesi, kwa sababu uzi mwembamba wa tungsteni uliomo ndani yake haustahimili mitikisiko ya barabara. Bali taa ya LED, kwa kuwa haina uzi kabisa, hudumu zaidi na hutumia umeme haba.

Hata hivyo LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikikataa kuwaka, igeuzeni kwanza kabla ya kuitupa. Na hapa ndipo mafundi wengi hutaabika: pikipiki nyingi zina taa moja tu ya dashibodi kwa ishara za kushoto na kulia, iliyofungwa baina ya waya wa ishara ya kushoto na wa ishara ya kulia, hata umeme ukaipitia mara huku, mara kule. Balbu ya zamani huwaka vyovyote, lakini LED itaonyesha upande mmoja na kunyamaza upande wa pili. Dawa yake ni daiodi mbili, moja kwa kila waya, zikutane kwenye ncha chanya ya LED, na ncha hasi iende kwenye fremu.

Rangi nayo ilingane na kioo, kwani LED nyekundu nyuma ya kioo cha kijani haionekani. Nami nawasihi, kabla ya kugusa chochote, zimeni swichi, kisha fungueni waya hasi wa betri.